Uliza Kitabu Umri Wake

Ndugu msomaji, na zaidi wewe kijana unayesomea ualimu, leo ninakuletea habari ya haya yangu mwenyewe. Siandiki ili unicheke. Ninaandika ili mama yako asipoteze feza kama mama yangu alivyopoteza.

Mama yangu anauza mikate. Kila siku saa kumi ya usiku anaamka, anawasha makala, anakaanga. Feza ya ile mikate ndiyo iliyonilipia masomo kule Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nilipokuwa nikijifunza mambo ya elimu na malezi.

Mwaka 2016 ilifika siku ya kutetea kazi ya mwisho, ile tunayoita TFC. Nilikuwa nimeandika juu ya watoto wasiosoma katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Nilijiona nimefanya vizuri: kurasa nyingi, na mwishoni majina ya vitabu mingi sana. Profesere mmoja akafungua ukurasa wa saba, akaniuliza kwa upole: "Hii sheria unayotaja, bado iko?"

Nilikuwa nimeandika kama shule zetu zinaongozwa na sheria ya tarehe 22 Septemba 1986. Kumbe ile ilikwisha kuondolewa. Sheria mpya ilichukua nafasi yake tarehe 11 Februari 2014, miaka miwili mbele ya siku ile. Nikanyamaza. Akauliza tena: "Wewe mwenyewe uliisoma?" Sikuisoma. Nilinakili kutoka TFC ya mwanafunzi aliyenitangulia, na yeye labda alinakili kwa mwingine. Kosa moja lilikuwa linatembea kutoka mkono hadi mkono, na mimi nililipokea bila kuliuliza linatoka wapi. Wakanirudisha. Mwaka mzima wa kuanza tena.

Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Mama akaniuliza, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akasema: "Mwanangu, miye sijue kusoma. Lakini nikienda kununua unga, ninauliza: umetoka wapi? Uko hapa tangu lini? Ninaushika, ninaunusa. Sasa weye mwenye kusoma, vitabu haukuviuliza kitu?"

Msomaji, maneno yale yalinifundisha kuliko silabusi nyingi.

Niliporudi kwenye maktaba, mtunza vitabu aliniuliza ninatafuta nini. Nikajibu: "Vitabu juu ya shule." Akacheka. "Shule gani? Za mwaka gani? Watoto wa umri gani? Leta swali kwanza, kitabu kitafuata." Hili ndilo jambo la kwanza ninalokuachia. Usiingie maktaba ukiwa na neno moja tu. Andika swali lako kwenye karatasi, kisha umwonyeshe mtunza vitabu. Kazi yake ni kukusaidia, usimwogope. Na ukipata kitabu kimoja kizuri, fungua kurasa zake za mwisho: mwandishi ametaja vitabu alivyotumia, na hivyo vitakuonyesha njia ya vingine.

Jambo la pili: uliza kitabu umri wake. Kitabu cha mwaka 1975 kinaweza kukuambia kama Serikali imechukua shule za makanisa. Hakidanganyi, maana zilichukuliwa mwishoni mwa 1974. Lakini Februari 1977 Serikali na makanisa walipatana, na makanisa yakarudishiwa kazi ya kuziongoza. TFC ya mwaka 2010 juu ya feza wazazi wanazolipa kwa shule ya msingi nayo inasema habari za wakati wake, kwa sababu masomo bila malipo katika shule za msingi za Serikali yalianza Septemba 2019. Kitabu cha zamani si kibaya. Kibaya ni kukisoma kama kimeandikwa jana.

Jambo la tatu: uliza hesabu imetoka wapi. Nchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu 1984. Kwa hiyo ukisoma kama watoto kadhaa kwa mia hawasomi, ujue ni hesabu ya kukadiria, au imetoka kwa kuuliza nyumba chache. Tafuta nani alihesabu na namna gani. Tena angalia mipaka: mbele ya 2015, neno Katanga lilishika Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika pamoja. Mimi nilichukua hesabu ya Katanga nzima, nikaibandika juu ya Haut-Katanga peke yake. Ni sawa na kupima unga wa nyumba ine na kusema ni wa nyumba moja.

Jambo la ine: uliza mwenye kusema amesimama wapi. Mwaka 1946, hapa mjini, wakati ukiitwa Élisabethville, walianzisha kituo cha CEPSI cha kuchunguza maisha ya "wenyeji". Majarida yake ni mali kubwa kwetu, lakini yalitazama mfanyakazi kwa macho ya wakoloni. Mwaka 1965, André Yav, kwa jina la watumishi wa nyumbani wa zamani, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu huu. Soma wote wawili. Mmoja atakuambia kile mwingine hakuona, ao hakutaka kuona.

Na simu yako? Ni nzuri. UNESCO iko na maktaba kwenye intaneti yenye maandishi mengi ya elimu, bure, hata kwa Kifaransa. Lakini karatasi iliyotumwa kwa WhatsApp bila jina la mwandishi wala mwaka, hiyo ni unga usiojulikana umetoka wapi. Tafuta sheria yenyewe, usome kifungu chenyewe.

Pengine utasema: ni kazi nyingi kwa TFC tu. Hapana, kijana. Kesho utasimama mbele ya watoto hamsini. Ulichonakili bila kuuliza, wao watakiandika katika daftari na kukipeleka nyumbani kama kweli.

Mwaka uliofuata nilitetea tena, nikapita. Nilipeleka ile kazi kwa mama, mikono yake bado na unga. Akafungua kurasa za mwisho, akaweka kidole juu ya majina asiyoweza kuyasoma.

"Hawa bote," akasema, "uliwauliza?"

Nikajibu: "Ndiyo, mama. Mara hii niliwauliza."