Olenguruone, Juu ya Mau

Njia ya Olenguruone huanza kupendeza kweli ukishaiacha Molo. Matatu inapanda, madirisha yanafungwa moja baada ya jingine, na mama aliyebeba mtoto anamfunika shuka hadi puani. Mashamba ya viazi yanapita pande zote mbili, udongo wake mweusi na mzito. Unafika Keringet, ambako vijana hukimbia kando ya barabara kabla jua halijachomoza, kwa kuwa eneo hili limelea wanariadha wengi. Kisha inakuja chai, na ndani ya gari watu hunyamaza.

Sijui kama kuna kijani kingine Kenya kinachofanana na hiki. Chai imefunika vilima vyote mpaka ukingo wa msitu, na hata siku ya mawingu inang'aa. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, ukasikia kengele za ng'ombe usiowaona. Kutoka msitu huu wa Mau hutelemka Amala na Nyangores, mito inayokutana huko chini ikawa Mto Mara. Nyumbu wa Serengeti hunywa maji ya huku.

Sokoni kuna kabeji, viazi, maziwa na mursik, yaani maziwa ya mgando, kwenye vibuyu. Salamu ya Kikalenjin ni "Chamgei", na ukiitikia vizuri unasogezewa benchi. Majani yanayochumwa hapa hupelekwa kiwanda cha Kiptagich. Chai ya Kenya huishia kwenye mnada wa Mombasa, na miongoni mwa wanunuzi wa mnada ule huwamo Wasomali, wanaoipeleka kwao kuchemshwa na iliki, tangawizi na maziwa mengi. Nilipokuwa nikinywa yangu, nilikuwa nikiwafikiria wao, na sababu ni historia ya mahali hapa.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwaleta Olenguruone Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika nchi ya Wamaasai. Wao waliamini wamepewa ardhi iwe yao. Serikali iliwahesabu kama wapangaji, ikawawekea masharti ya nini cha kupanda na nani wa kurithi. Walikataa. Wakala kiapo cha umoja, na jipya lilikuwa kwamba hata wanawake na watoto walikula, nyumba nzima kwa pamoja. Mwaka 1948 wakaanza kufukuzwa kwa nguvu, mazao yakaharibiwa, wengi wakapelekwa Yatta, nchi kavu isiyofanana kabisa na hii. Kiapo kilikuwa kimekwisha kusambaa katika mashamba ya walowezi Bonde la Ufa. Anayetaka kuijua Mau Mau, vita vya kuwapinga wakoloni, na aanzie kwenye vilima hivi.

Mwaka uleule wa 1948, mbali kaskazini, serikali ileile iliipiga marufuku Somali Youth League, chama kilichokuwa kikidai Wasomali waunganishwe chini ya bendera moja. Wengi husoma habari hizi mbili kama za nchi mbili. Mimi naona ni moja. Wasomali hawakuwa wageni hata katika nyanda hizi: mlowezi Lord Delamere aliingia huku mwaka 1897 kutoka Berbera, akiwa na Wasomali, na alipochukua shamba lake Njoro, njia unayopita kuja hapa, Wasomali walikuwa miongoni mwa waliomtumikia. Baadaye wafanyabiashara wa Isaaq, ukoo wa Kisomali, walinunua ng'ombe kaskazini na kuwauzia walowezi. Walifika kila mahali, lakini swali la wapi hasa ni kwao halikuwaacha. Ndilo swali la Olenguruone.

Baada ya uhuru likageuka damu. Wasomali wa kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Serikali mpya ikatangaza hali ya hatari Desemba 1963, na vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Katika vita hivyo wafugaji walikusanywa kwa lazima katika vijiji vyenye ulinzi, mbinu ileile ambayo Waingereza waliitumia kwa Wakikuyu miaka ya 1950. Jambo hili linaniuma zaidi ya yote. Waliouonja uchungu ule ndio walioupitisha kwa wengine. Sheria za hatari ziliendelea kutumika Kaskazini Mashariki hadi 1991, na Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, karibu na mji wa Wajir, ambako wanajeshi waliwaua Wasomali.

Na ni Wajir hiyohiyo iliyotupa dawa. Mapema miaka ya 1990 koo za Wasomali zilipokuwa zikiuana, wanawake wachache walianzia sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubaguliwa, wakaweka watu wa kuangalia ahadi itimizwe. Kisha wakawaendea wazee, wakamtanguliza mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ambaye hakuna aliyeweza kumwogopa. Mwaka 1993 wazee wakatia saini makubaliano ya amani, Azimio la Al-Fatah. Miongoni mwa wanawake hao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyetunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Olenguruone ilihitaji dawa hiyo. Mapigano ya kikabila yaliikumba Kuresoi, eneo ambamo Olenguruone imo, mwaka 1992, 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wakati nchi ikiwaka, Dekha alikuwa mmoja wa raia wachache waliokutana Nairobi pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali Daniel Opande na Lazarus Sumbeiywo, wakitafuta namna ya kuzima moto. Mfumo wa kamati za amani uliokulia Wajir ndio uliopelekwa wilaya zote. Agosti 2012 wazee wa Wakalenjin na Wakikuyu wa Nakuru, kaunti ya Olenguruone, walitia saini mapatano ya amani ya kaunti, baada ya mazungumzo ya zaidi ya mwaka. Dekha hakuyaona, alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani.

Siku hizi Wakipsigis, Waogiek na Wakikuyu hupishana katika soko moja, wakibishana bei ya gunia la viazi. Mambo hayajatulia yote. Waogiek, waliokuwa Mau kabla ya wengine wote, walishinda kesi yao katika Mahakama ya Afrika, Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na bado wanasubiri ardhi yao.

Nenda Januari au Februari, mvua ikiwa imepungua, na ubebe koti zito. Waulize wazee habari za 1948 kwa adabu, nao watakueleza. Nawaomba walimu wa Kuresoi Kusini wanapofundisha kiapo cha Olenguruone, wawafundishe watoto pia habari za wanawake wa soko la Wajir.