Neno na Mahali Liliposimama

Kijana wa huku kwetu Nyakunguru amalizapo shule ya msingi kwa Kiswahili, huingia sekondari na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Huhifadhi maneno moja moja: "water" ni maji, basi. Kesho yake akutana na "Water the land", naye asoma: "Maji ardhi." Wenzake wamcheka, kumbe maana yake ni "mwagilia ardhi maji". Tangu hapo hainui mkono tena darasani. Je, huyu ni mjinga? La hasha.

Lugha alizolelewa nazo zina desturi nyingine. Kwa Kikurya, Omokuria ni mtu, Abakuria ni watu, Igikuria ni lugha yao. Kwa Kiswahili, soma ni tendo. Somo, msomaji na usomaji ni majina. Kiarabu nacho, kwa herufi tatu tu, kaf, ta na ba, hutoa kataba, yaani aliandika, na humo tumepata katibu, kitabu na maktaba. Neno huvaa vazi la kazi yake, nawe walitambua tangu mlangoni.

Hata Kiingereza zamani kilivaa. Miaka elfu iliyopita upendo uliitwa "lufu", na kupenda "lufian". Miisho ile ikachakaa karne baada ya karne. Leo yote mawili ni "love". Ndiyo maana kazi ya neno hutambulikana kwa mahali liliposimama. Katika "dry land", neno "dry" limetangulia jina, basi ni sifa: kavu. Katika "dry the plates", limeanza amri, basi ni tendo: kausha.

Kwa hiyo, mzazi na mwalimu, msimpe mtoto neno pweke. Mpeni sentensi nzima. Madrasa tumezoea kumwuliza mwanafunzi: hili ni ismu, fiili ama harfu? Yaani ni jina, tendo, au neno la kuunganisha? Muulizeni swali hilo hilo katika Kiingereza, kisha mpeni nafasi ya kufikiri.

Wala msimcheke. Lugha hujifunzwa kwa kusema, na anayechekwa hunyamaza. Akinyamaza mwaka mzima, hapotezi Kiingereza peke yake. Hupoteza na hesabu, na historia, na elimu ya viumbe, kwa kuwa zote zimepitishwa mlango huo mmoja. Elimu ni amana, ndugu yangu; tusimfungie mtoto mlango wake kwa kicheko.