HARUFU YA KARAFUU ILIMKUMBUSHA MAMA

Ndugu msomaji, je, umewahi kusikia harufu fulani ukakumbuka jambo la zamani? Mwaka jana niliona jambo hili kwa mama yangu.

Mama alizaliwa Pemba, katika kijiji kilicho karibu na Wete. Aliondoka akiwa na miaka 12, mara baada ya baba yake kuzikwa. Sasa ni mzee. Alitaka kuliona kaburi la baba yake kabla hajafa.

Tulipanda meli kutoka Unguja mpaka Mkoani. Kutoka hapo tulipanda gari la abiria mpaka Wete. Njiani tuliona vilima, mabonde, minazi na mikarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ya Pemba ilisalimika. Hata leo karafuu nyingi hutoka Pemba.

Tulipofika kijijini, mama hakukumbuka kitu. Nyumba za makuti alizozijua hazipo tena. Sasa ni za mabati. Tulizunguka mpaka adhuhuri. Mama akaanza kulia. Akasema, "Mwanangu, turudi. Nimempoteza baba yangu."

Tukapita penye uwanja. Watu walikuwa wameanika karafuu juu ya majamvi. Karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka. Hutolewa vikonyo, kisha huanikwa juani mpaka zigeuke rangi ya kahawia. Harufu yake ni kali.

Mama akavuta pumzi, akafumba macho. Akasema, "Hapa tulikuwa tukikaa watoto, tukichambua karafuu. Baba alikuwa akitokea kule kisimani. Kaburi lake liko juu ya kisima."

Tukaenda. Kisima kilikuwa kimefukiwa, lakini juu yake palikuwa na makaburi. Tulimwuliza mzee wa pale. Akatuonyesha moja, akasema, "Ndilo lenyewe. Siku ya maziko nilikuwapo." Mama akakaa chini, akaomba dua.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Harufu ikiingia puani hufika upesi katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Mahali pia hukumbusha. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Uingereza, Godden na Baddeley, walieleza jaribio lao kwa wapiga mbizi. Maneno waliyojifunza chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi chini ya maji. Yale waliyojifunza nchi kavu waliyakumbuka vizuri zaidi nchi kavu.

Lakini kumbukumbu inaweza kukosea. Ndiyo maana tulimwuliza yule mzee. Naye akifa, tutamwuliza nani?

Basi, ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, tembea naye mahali alipokulia. Mwulize, kisha andika. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Mama yangu hajui. Siku ile alisema, nami nikachora kisima, uwanja na kaburi. Karatasi ile tumeihifadhi nyumbani, wajukuu waione.