Siku ya Kwenda Kuona Divai

Sisi watu wa Fataki, divai ya zabibu tuliijua kwanza kama kitu cha padri. Inatoka mbali ndani ya chupa, inakaa sakristia, na mtoto wa misa akijaribu kuionja anajulikana kwa harufu kabla hajafika nyumbani. Mzabibu wenyewe tuliusikia katika Injili tu. Mimi nafundisha biolojia na kemia tangu nilipotoka ISP Bunia na diploma yangu, na kila mwaka naandika ubaoni kwamba chachu inakula sukari, inatoa alkoli na gesi. Mfano wangu ni pombe ya ndizi. Hiyo wanafunzi wanaijua hata bila ubao.

Kwa hiyo vakanse kubwa ya mwaka 2023, nilipofika Dodoma kwa dada yangu mdogo aliyeolewa huko, sikuomba kwanza kupelekwa Bungeni. Niliomba kuona shamba la zabibu na mahali zinapogeuka divai. Shemeji alicheka sana. Alisema mimi ndiye mgeni wa kwanza anayeomba jembe kabla ya siku ya tatu. Safari ya kutoka kwetu hadi kule, kupitia Mahagi, Uganda na Mutukula, sitaisimulia hapa. Mabasi ni mabasi, na miguu ilivimba.

Wasomaji wengine watauliza: zabibu Afrika? Ndiyo, na si bustani ya mtu mmoja. Dodoma ni nchi kavu, iko juu ya mita 1,000, mvua yake inaanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, halafu jua tupu. Mahindi yanateseka pale. Mzabibu, ukipata maji kidogo ya kisima, unafurahi, maana unyevunyevu mwingi ndio unaouletea ukungu. Husimuliwa kwamba miaka ya 1950 mapadri waliotoka Italia walipanda mizabibu kwenye misheni ya Bihawana, wakitaka divai ya misa. Sheria ya Kanisa inadai divai ya misa iwe ya zabibu kweli, isiyoharibika; ya ndizi haikubaliwi, hata ikiwa tamu namna gani. Kutoka hapo mmea ukatoka uani kwa mapadri, ukaingia mashambani mwa Wagogo. Leo kuna kituo cha utafiti Makutupora, na aina moja ya zabibu nyekundu inaitwa kwa jina la mahali hapo.

Jambo lililonigusa mapema ni jinsi watu wale walivyoipanga siku moja tu ya matembezi. Shemeji alichukua karatasi kabisa, kama mkaguzi wa masomo. Swali la kwanza: upande gani? Ukifuata njia ya Iringa unakuta Bihawana na vijiji vya Mpunguzi, ambako wakulima wadogo wana ekari zao. Makutupora iko kaskazini ya mji. Hombolo iko upande wa kaskazini-mashariki, kilomita 40 hivi, na huko kuna mashamba pamoja na kiwanda. Mimi kwa uroho nilisema twende kote. Shemeji akatikisa kichwa: mtu anayetaka kuona yote kwa siku moja anaona madirisha ya gari. Tukachagua Hombolo, ili tuone kichala kikiwa juu ya mti na juisi ikiwa ndani ya tangi bila kuvuka mji mara mbili.

Swali la pili lilikuwa majira, na hapo bahati ilikuwa yetu. Kule Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Ulaya wanavuna mara moja tu, kwa sababu baridi inaulaza mti. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza; mkulima mwenyewe anaupogoa, na kwa makasi yake anauambia saa ya kuanza upya. Mtu akienda Juni ataona majani na mabomba. Agosti anaona watu kazini.

Halafu simu. Nilidhani mtu anafika tu mlangoni, anabisha hodi, anapewa kiti. Dada yangu alinisahihisha: “Yaya, huku haiko kama kwa mjomba. Huku unaomba ruhusa, unasema mko wangapi, nao wanakuambia siku na saa.” Tulipewa Jumatano asubuhi. Ikaamuliwa tule uji na viazi kabla ya kutoka, maana kuonja divai na tumbo tupu ni kutafuta aibu mbele ya wakwe. Ikaamuliwa pia nani haonji kabisa: dereva. Mama mkwe wa dada, ambaye kanisa lake halikubali pombe, alisema atakuja naye, lakini atabaki upande wa zabibu, si upande wa glasi. Kwa hesabu yangu yeye ndiye aliyefaidi zaidi. Alirudi na kikapu kizima.

Siku yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Mistari ya mizabibu imenyooka kama madawati, vichala vinaning'inia kwenye nyaya, na wanawake wanakata wakipanga kwenye kreti taratibu, kwa sababu tunda lililopasuka linaanza kuchacha kabla ya kufika kwenye mizani. Kuna kifaa kidogo: unadondosha tone la juisi, unachungulia kwenye mwanga kama darubini, na kinakuambia sukari ni kiasi gani. Nilikishika muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Ndani, zabibu zinatenganishwa na vikonyo, zinapondwa, na hapa nikajifunza kitu nilichokuwa sijakifundisha kamwe: juisi ya zabibu nyingi nyeusi ni nyeupe. Wekundu wa divai uko kwenye ganda. Ukitaka nyekundu, unaacha juisi ichache pamoja na maganda yake. Ukitaka nyeupe, unakamua kwanza na kuyaondoa. Matangi ni ya chuma kisichoshika kutu, na yanapozwa, kwa sababu chachu ikichemka sana inaharibu harufu. Mwishoni alkoli inafika asilimia 12 hivi. Pombe yetu ya ndizi mara nyingi haifiki hapo.

Palipofika kuonja, tulipewa vidogo sana ndani ya glasi kubwa sana. Tuliambiwa wataalamu wanazungusha, wananusa, wanaweka mdomoni halafu wanatema kwenye ndoo. Hapo nilishindwa. Kwetu, kutema kinywaji cha mwenyeji mbele yake ni tusi ambalo watoto wenu watalipia. Kinachomwagwa ni tone la kwanza, chini, kwa ajili ya wazee waliotangulia. Na mwenyeji ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba hakuna ubaya ndani. Nilimeza. Ilikuwa kali, kavu, kama maganda ya ndizi mbichi, kisha ikabaki mdomoni vizuri.

Kuhusu jina, tulibishana njiani wakati wa kurudi. Wao wanasema mvinyo au waini, mimi nasema divai. Mvinyo waliuleta Wareno, divai ni “du vin” ya Wafaransa iliyofunga ndoa na Kiswahili. Tulikubaliana kwamba kila mtu anakunywa jina la mgeni aliyemfikia kwanza.

Usiku, tukila, shemeji aliniuliza kwa unyofu kabisa: “Sasa shemeji, nikija Fataki, utanipeleka kuona nini?”

Nilitaka kujibu haraka: kwa mjomba. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikaa upande wa chini ambako baridi inapungua na migomba inazaa vizuri. Kwake ndipo nilipojifunza kemia kabla ya kujua neno kemia. Ndizi zilifukiwa shimoni juu ya majani makavu, moshi ukipitishwa chini, siku tano. Zikiiva zilimenywa na kutiwa kwenye mutumbwi, ule wa mti uliochongwa, na vijana wakakamua kwa nyasi mpaka povu likatoka na juisi ikajitenga. Maji kidogo, chujio, halafu mtama uliokaangwa na kusagwa kwa mawe, kwa ajili ya nguvu na rangi. Mutumbwi ulifunikwa kwa majani ya mgomba, ukachacha usiku mbili. Shangazi alijua kwa sikio: akiweka sikio karibu na kusikia mlio kama mvua ya mbali, alisema bado. Hakuwa na kifaa cha kuchungulia sukari. Mahari ya dada zangu wakubwa ilijadiliwa kando ya mutumbwi ule, na ugomvi wa mipaka ya mashamba pia. Hakuna aliyepewa haki kabla ya kunywa kibuyu kimoja na yule anayemshitaki.

Lakini shemeji aliuliza mwaka 2023. Fataki ilichomwa na kukimbiwa mwaka 2003. Watu walirudi, wakajenga. Kuanzia Desemba 2017 na mwaka 2018 Djugu ikawaka tena, na maelfu wakavuka Ziwa Albert kwenda Uganda, wengine wakajaa Bunia. Sitaki kusema nani alianza. Kitabu hiki kinasomwa na watoto wa pande zote, na waliokuwa wakinywa kwa mjomba walikuwa wa pande zote. Mjomba alifia Bunia, ndani ya nyumba ya kupanga. Mutumbwi uligeuka kuni za mtu fulani. Migomba haikukimbia, ila imekuwa pori.

Kambini hakuna shimo la ndizi wala siku saba za kungoja. Kuna lotoko, inayotoka kwenye pipa na bomba, inauzwa kwa kopo, na inafanya kazi upesi. Siwalaumu akina mama wanaoipika. Nina wanafunzi waliolipiwa masomo na lotoko. Ila ni kinywaji ambacho hakuna anayemwalika mgeni aje aone kinavyotengenezwa. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali za vifuko mwaka 2017. Sisi tungepiga marufuku nini, wakati mtu hana shamba la kufukia ndizi?

Mzabibu unangoja miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa vizuri, halafu unaweza kuzaa miaka makumi. Mkulima wa Hombolo ana shida zake. Zabibu haziwezi kungoja mnunuzi, na mwaka ambao mnunuzi anachelewa au anashusha bei, jasho linaoza kwenye kreti. Lakini anapopanda anahesabu kuwa atakuwepo. Mgomba unazaa ndani ya mwaka mmoja na nusu, na hata huo sisi tumeshindwa kuukalia.

Nilimjibu shemeji: nipe muda, nitapanga. Niliporudi nilimtafuta binti wa mjomba, ambaye anajua kusikiliza kama mama yake. Amepata mti wa kuchonga mutumbwi mpya. Karatasi yetu ni fupi kuliko ya Dodoma. Ndizi zinafukiwa Jumamosi, zinafukuliwa Alhamisi na kukamuliwa siku hiyo hiyo, tunakunywa Jumamosi mchana. Chumvi, sukari na sabuni kwa wenyeji, maana hatuendi mikono mitupu. Mtama tunao. Majirani wa pande zote tumewataja kwa majina, na kila mmoja anaambiwa kwa mdomo, si kwa simu. Kurudi ni kabla ya saa kumi jioni. Na kwenye mstari wa barabara tumeandika: kuuliza asubuhi ile ile.