Ziwa tunalo, maji safi je?



Siku hizi tunasikia mipango mingi ya kupendezesha miji ya kando ya ziwa: mnara katikati ya mji, taa barabarani, nyumba za wageni ufukoni. Hatukatai mji upendeze. Lakini sisi tunaofundisha na kulea watoto hapa Kalemie tunauliza swali moja: kitu gani kinatangulia?

Mpango wenye mambo kumi ya kwanza hauna la kwanza. Nyumbani, faranga zikiwa chache, mama hanunui pazia kabla ya unga. Kwa mji wetu, unga huo ni maji safi.

Mtu wa mbali atatucheka. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 600, na kina chake kinapita meta 1.400. Tunakosaje maji? Lakini ziwa hilohilo ndilo tunalofulia na kuogea, na mvua ikinyesha ndilo linalopokea uchafu wa vyoo vyetu. Ndiyo maana kolera haituagi. Inaingia kwa bidoni, na mtoto asipotibiwa haraka inaweza kumuua katika saa chache.

Darasani tunaona mengine. Wasichana wanafika wamechelewa, mabega yamelowa, kwa sababu wametoka kuchota. Mtoto aliyeamka saa kumi ya usiku kufuata maji, hesabu ya kugawanya haimuingii kichwani. Kolera ikitokea, mabenchi yanabaki wazi.

Tena, ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, hapahapa kwetu. Mwaka 2021 na tena 2024 lilipanda likaingia katika nyumba za watu. Choo kikijaa maji, uchafu wake unarudi pale tunapochota. Wenzetu wa Uvira wanajua zaidi: mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kuharibu mitambo ya maji ya mji.

Basi sisi tungepanga hivi. Kwanza, robine za pamoja katika kila mtaa, karibu na masomo na masoko. Tukingojea robine, pawe na watu wa kutia klori katika bidoni pale pale ufukoni. Kazi hiyo haigharimu kama mnara. Pili, vyoo vya soko na vya masomo, na mitaro izibuliwe kabla mvua hazijaanza. Tatu, taa, na zianzie sokoni, maana mama anayerudi usiku na beseni lake la ndagala anazihitaji. Mnara utangoja.

Tutaambiwa hakuna pesa. Tufanye hesabu pamoja. Katiba ya 2006 inasema katika kila faranga 100 za mapato ya taifa yanayogawiwa majimbo, 40 ni za jimbo. Sheria ya tarehe 7 oktoba 2008 inasema 40 kwa 100 ya fungu hilo la jimbo ni ya miji, komini, sekta na sheferi. Yaani, katika kila faranga 100, faranga 16 ni zao. Njia ya hizo 16 ni ndefu na nyingi hupotelea njiani. Hiyo ni sababu ya kuziulizia, si ya kunyamaza. Juu yake kuna ushuru ambao kila mama anatoa sokoni, hata siku asiyouza kitu.

Usafi, masoko na mitaro ni kazi za komini kwa sheria. Kwa hiyo, kila kikundi kichague mama watatu. Waende komini wakaulize bajeti inajadiliwa siku gani, na ushuru wa soko umefanya nini mwaka huu. Wapeleke ombi moja tu, lililoandikwa, lenye majina ya mitaa isiyo na robine. Anayeomba mambo ishirini anaondoka na ahadi ishirini.

Na nyumbani tusingoje mtu: tuchemshe maji ya kunywa, tufunike bidoni, tunawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Mtoto akianza kuharisha maji maji, tumpe maji ya chumvi na sukari huku tukimkimbiza kituo cha afya.

Kiongozi anayetaka kujua kama mji unaendelea, aje masomoni asubuhi, ahesabu wasichana waliofika kabla kengele haijalia.