Gigahezi Ngapi?

Mwaka 2003, Kariakoo, huwezi kuuza laptopu bila kutaja gigahezi. Mteja alikuwa akipanda ngazi mpaka ghorofani kwetu, na kabla hajauliza bei ameshainama kusoma stika. 1.8. 2.0. 2.4. Iliyozidi tarakimu ndiyo iliyozidi bei, na hapakuwa na mjadala. Mimi wakati huo nilikuwa fundi msaidizi: kufungua mashine, kupuliza vumbi, kukwangua pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka nyingine, kufunga. Wauzaji walikuwa mbele, mimi nyuma na bisibisi zangu, lakini maneno yao yote nilikuwa nayasikia.

Na niliyokuwa nayasikia mbele hayakuwa yanalingana na niliyokuwa nayaona nyuma. Wenye duka siku hizo walipenda sana laptopu nene zenye Pentium 4. Nyingine hazikuwa hata na prosesa ya laptopu. Kiwandani walitia ileile ya kompyuta ya mezani, kwa sababu ilikuwa rahisi na gigahezi zake zilipendeza kwenye tangazo. Prosesa ya namna hiyo ya gigahezi 2.4 ilikuwa inakula karibu wati 60. Ukifungua chini unakuta bonge la shaba, feni mbili, na katikati ya mapezi ya shaba vumbi limeshonana mpaka unaweza kulivuta kwa kibano likatoka kipande kizima. Mwenye mashine analalamika kwamba inazimika yenyewe. Itaachaje kuzimika, Dar es Salaam, mwezi wa pili, chumba hakina kiyoyozi?

Gigahezi inahesabu mapigo ya prosesa kwa sekunde, basi. Haisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani. Intel walipotoa Pentium 4 mwezi Novemba 2000, waliikata kazi ya kila amri katika hatua 20, fupifupi, ili mapigo yaweze kwenda kasi. Ni kama vibarua wanaopokezana matofali kwenye jengo: ukiongeza watu kwenye mstari, kila mmoja anapitisha tofali upesi zaidi, lakini ukigundua matofali siyo yale, mstari mzima unatupa yaliyo mkononi na kuanza upya. Prosesa hukosea hivyo mara kwa mara, kwa kuwa hubahatisha amri inayofuata kabla haijajulikana. Mstari mrefu hasara kubwa. Wauzaji wetu hawakuwa na habari na hayo, na sidhani kama ingewasaidia kuuza.

Machi 2003 ikatoka Pentium M. Kwetu haikufika na shangwe yoyote. Ilikuja ndani ya laptopu nyembamba za watu wa miradi na wageni wa mikutano, na baadaye kwenye mitumba. Ilibuniwa Haifa, Israel, na timu iliyorudi kwenye msingi wa Pentium III badala ya kuiendeleza Pentium 4. Ilikuwa na transista milioni 77 na kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 1, mara mbili ya Pentium 4 za wakati huo. Ile ya gigahezi 1.6 ilikuwa inakula wati 24.5. Mara ya kwanza nilipofungua moja nilishangaa jinsi ndani kulivyokuwa kweupe: kijibomba kimoja cha shaba, feni moja ndogo, na prosesa yenyewe kipande cha silikoni kilicho wazi, hakina kofia, kimekaa kwenye soketi inayofunguliwa kwa kuzungusha skrubu moja kwa bisibisi bapa. Unazungusha, unainua, umemaliza.

Dukani zilikaa. Nani atatoa hela nyingi kwa 1.6 wakati pembeni kuna 2.4?

Kilichozitoa rafuni ni ukame. Mwaka 2006 maji yalipungua mabwawani, Mtera lilikuwa gumzo la kila siku, na mgao wa umeme ukatukalia kooni. Kariakoo nzima ilinguruma jenereta. Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja, mhasibu wa chama cha ushirika, na Pentium 4 yake aliyokuwa akijivunia. Betri ilikuwa inampa saa moja kwa taabu, na mahesabu ya mwisho wa mwaka yalikuwa yanamsubiri.

"Shikamoo mzee. Betri ni nzima," nikamwambia, "ila prosesa inainyonya. Jaribu hii."

Akasoma stika. "Mwanangu, mimi nina mbili nukta nne. Hii ni moja nukta sita. Unanirudisha nyuma halafu nikulipe?"

Sikubishana naye. Nilichukua faili lake la Excel, lile la wanachama na makato yao lililokuwa likimfanya aende kunywa chai kila anapolikokotoa, nikaliweka kwenye mashine zote mbili, tukabonyeza kwa pamoja. Ile ndogo ilitangulia kidogo. Mzee akaagiza turudie. Tukarudia. Kisha tukachomoa chaji, akaketi na ile nyembamba kwenye kiti cha wateja mpaka tunakaribia kufunga duka, na betri bado ilikuwa na nafasi.

Nisiipambe kupita kiasi. Kwenye kubana video Pentium 4 ilikuwa bado inafurukuta vizuri, na jamaa wa studio za harusi walizing'ang'ania kwa sababu hiyo. Lakini kwa barua, mahesabu na intaneti, mechi ilikuwa imekwisha. Intel wenyewe walishaliona hilo: Mei 2004 waliifuta Tejas, iliyokuwa irithi nafasi ya Pentium 4, na mwezi huohuo laptopu za Pentium M zikaanza kuuzwa kwa namba za modeli, 735, 745, 755, ili gigahezi ziache kuwa kila kitu. AMD walikuwa wameshatangulia. Athlon XP 2400+ ilikuwa ya gigahezi 2.0, na wauzaji wetu, bila haya, walisoma ile 2400 kama gigahezi 2.4. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, yenye damu ya Pentium M, na Pentium 4 ikaachwa ife.

Yule mzee aliichukua ile nyembamba, akaitumia miaka mingi. Kilichoiua siyo kasi. Ilikuwa haipokei zaidi ya gigabaiti 2 za RAM, na prosesa yake haikuwa na vitu ambavyo Windows 8 ilivilazimisha. Aprili 2014 Microsoft waliacha kuihudumia Windows XP, na mzee akastaafishwa pamoja na laptopu yake, maana hakutaka kujifunza nyingine.

Benchi langu nalo lilibadilika. Zamani mteja akitaka kasi, namtafutia prosesa nyingine ya soketi ileile. Kuanzia 2013 hivi, nyingi za laptopu nyembamba zinakuja na prosesa iliyochomelewa kwenye mothabodi. Ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Kwa upande wa pili, zinachofanya kwa umeme kidogo ni ajabu. Chukua Core i5-8250U ya 2017. Stika za zamani zingeiandika 1.6, sawasawa na ile ya mzee, lakini ina viini vinne, ikihitaji inapanda hadi 3.4, na imewekewa wati 15. Novemba 2020 Apple walitoa M1 yenye transista bilioni 16, zaidi ya mara 200 ya Pentium M, na MacBook Air yake haina feni hata moja. Niliifungua ya kwanza nikitafuta vumbi la kupuliza. Upande wa michezo ya kompyuta joto limerudi kwa kishindo: kuna Core i9 za laptopu zinazoruhusiwa kupanda hadi wati 157. Hizo ndizo zinazonilipia kodi ya fremu sasa.

Siku hizi hakuna anayeuliza gigahezi. Wanauliza i ngapi. Wiki iliyopita alikuja kijana wa chuo, bajeti yake inatosha mashine mbili zilizokuwa mezani: moja i7-2620M ya 2011, viini viwili, wati 35, nyingine i5-8250U. Nikamwonyesha tarakimu zilizo baada ya kistari, nikamweleza kwamba ile 2 na ile 8 zina miaka sita kati yake, nikampigia jaribio mbele ya macho yake. Hii i5 ikaiacha i7 mbali.

"Nimekuelewa, broo," akasema, "ila darasani wote wana i7."

Akachukua i7.