Kopo la Unga Mwekundu

Tulipokuwa tukisomea ualimu mjini Bukavu, tulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Ubelgiji, nasi tulimhesabu kuwa Mbelgiji kamili. Mkesha wa Noeli, sisi wachache tuliobaki chuoni kwa kukosa nauli tulialikwa nyumbani kwake.

Tulimkuta akikaanga vitunguu. Aliitoa sufuria motoni kwanza, ndipo akatia unga mwekundu kutoka kopo kuukuu, maana unga ule ukiungua huwa mchungu. Akafuatisha maji, kisha vipande vya samaki. Toka hapo hakukoroga tena. Aliitikisa sufuria tu, samaki wasivunjike. Kwao ni mchuzi wa wavuvi, halászlé, chakula cha mkesha ambao kwa desturi Wakatoliki hawakula nyama. Hupikwa kwa samaki wa mito ya Danube na Tisza. Yeye alitumia tilapia wa Kivu.

Mezani akatusimulia. Mwaka 1956, vifaru vya Kisovyeti vilipozima maasi ya Budapest, watu wapata 200,000 waliikimbia Hungaria. Wazazi wake walivuka mpaka wa Austria usiku, yeye akiwa mgongoni. Lugha ya kwao ilimpotea katika shule za Ubelgiji. Alibakiwa na majina ya vyakula tu.

Mwenzetu mmoja (si sisi, Mungu ashukuriwe) alisema unga ule ni pilipili tu. Hakukosea: mmea wenyewe asili yake ni Amerika, nao ulienea Hungaria wakati wa utawala wa Waturuki. Mwalimu alicheka, akasema ulikuwa kiungo cha wakulima na wachungaji kabla ya matajiri kuukubali.

Kisha akatuuliza: mama zenu hupikaje sombe? Tukanyamaza. Tuliijua mito ya Ubelgiji kwa majina, lakini hatukujua mawese hutiwa lini.

Likizo ya Pasaka tuliketi kando ya kinu cha mama. Alishangaa, akadhani tumefukuzwa chuoni. Hakuwa na kipimo: aliacha chungu wazi hadi harufu ya majani mabichi iishe, ndipo akamimina mawese, akihesabu kwa sauti ya chini. Tukahesabu naye.

Miaka mitatu baadaye tulimzika. Jioni ya matanga, dada zetu walitoka jikoni wakaja kutuuliza sisi: mama alikuwa akihesabu hadi ngapi?